Meno yangu na milioni tatu na laki sita

Haya jamani, nimerudi. Najua nimepotea kama wiki tatu hivi, lakini nyie wenyewe mnajua testi zilivyotukalia kooni, na hosteli kwetu umeme unaondoka kila mtu anapotaka kuchaji laptopu. Leo sina siasa za chuo wala umbea wa ghorofa ya tatu. Leo nataka kuongelea meno. Ndiyo, meno. Yangu.

Wanaonijua wanajua nikicheka naweka mkono mdomoni. Wengine mnadhani ni adabu, wala. Mimi mtu wa Arumeru, adabu hizo nitazitoa wapi kwikwikwi. Ni kwamba chonge zangu mbili za juu zimepanda juu ya wenzake, na yale meno mawili ya mbele yamepishana kama watu wanaogombania mlango wa daladala pale Mwenge saa kumi na mbili jioni. Rangi nayo ya kahawia, lakini hiyo siilaumu, ni maji ya kwetu, nitairudia. Mwanya sina. Ningekuwa na mwanya ningeringa.

Nimeishi nayo miaka 22 bila kesi. Picha ya fomu siksi nimefumba mdomo, ya kitambulisho cha chuo nimefumba mdomo. Kilichonichoma ni fildi ya mwaka jana. Niliwekwa kaunta, na siku ya tatu bosi mmoja akaniita pembeni akaniambia, kwa upole kabisa, binti, wewe kazi unaijua lakini wateja wanaona kama umenuna, hebu hamia huku nyuma kwenye mafaili. Nikahamia kwenye mafaili. Wiki saba zilizobaki nimekaa na mafaili. Sikulia pale ofisini, nililia kwenye daladala, na nikaamua nitafunga waya hata kama nitakula mihogo mpaka nigraduate.

Basi nikaanza kuuza mtumba hosteli. Wengi wenu mmenunua kwangu, na wawili bado mna madeni, mnajijua. Kwa miezi kumi na minne nikakusanya 1,140,000. Mwezi uliopita nikaona sasa naweza kwenda kuuliza bei kama mtu mzima.

Kliniki yenyewe siitaji, ni ya mjini, ina kiyoyozi na samaki kwenye kioo. Daktari mama mmoja mstaarabu sana. Shikamoo daktari, marahaba mwanangu, fungua mdomo. Akaangalia, akagonga gonga, akaniambia waya juu na chini, miezi 24, milioni tatu na laki sita. Eksirei pembeni. Kianzio milioni moja na laki mbili, halafu laki moja kila mwezi mpaka tumalize.

Jamani. Nilitoka pale nimesahau mwavuli.

Mimi nasoma B.Com, mwaka wa tatu, kwa hiyo hasira zangu zinakuja na kikokotoo. Bumu letu ni shilingi 10,000 kwa siku, tunapewa za siku 60, yaani laki sita. Milioni tatu na laki sita ni bumu sita. Kwa mwaka tunapata kama bumu nne. Maana yake nisile, nisipande gari, nisitoe kopi hata moja kwa mwaka mmoja na nusu, kwa ajili ya waya ambao ukiukunja wote unaenea kwenye kiganja! Nikasema huu ni wizi. Nikamwambia rumeti, akasema anamjua mtu Instagram anabandika kwa laki moja na nusu, tena anakuja hosteli.

Bahati nina shosti yuko Muhimbili anasomea udaktari wa meno, mwaka wa nne. Tumesoma wote O-level. Jumamosi nikamfuata, nikamnunulia chipsi mayai, nikamwekea lile karatasi la bei mezani, nikamwambia nieleze, chuma kinauzwaje milioni tatu. Akacheka mpaka soda ikamtokea puani. Akasema, dada, nani amekwambia unanunua chuma?

Hapo ndipo tulipokaa saa tatu. Nitawaeleza nilivyoelewa mimi, maana naona wengi mnafikiri kama nilivyokuwa nafikiri.

Kwanza jino halisukumwi kama meza. Limekaa kwenye mfupa, na katikati ya jino na mfupa kuna utando mwembamba. Ukilisukuma taratibu, upande unaobanwa mwili unaleta seli zinazokula mfupa, na upande unaoachwa wazi unaleta seli nyingine zinazojenga mfupa mpya. Yaani jino linahama kwa sababu nyumba inabomolewa mbele na kujengwa nyuma. Mwendo wake ni kama milimita moja kwa mwezi. Nikasema si waongeze nguvu basi tumalize miezi sita? Akasema ukibana sana damu haifiki kwenye ule utando, jino badala ya kwenda linagoma, na mzizi wake unaweza kuanza kuliwa na kuwa mfupi. Kwa hiyo ile miaka miwili sio daktari anakuvuta ulipe. Ni mfupa wako wenyewe, na mfupa hauna haraka.

Sasa weka hesabu. Kila wiki nne mpaka sita unarudi, anaangalia, anabadilisha waya, anakaza. Kwa miezi 24, ukijumlisha na siku ya vipimo, siku ya kubandika (hiyo peke yake inaweza kula saa mbili), siku ya kubandua, na kurudi kuangaliwa baadaye, tuseme mara 30. Gawanya. Ni 120,000 kwa kila unapokaa kwenye kiti. Bado ni hela nyingi, sikatai, lakini sio wizi tena, ni bei ya nusu saa ya mtu na kiti chake. Na huyo mtu ni nani? Ni mtu aliyesoma miaka mitano ya udaktari wa meno, mmoja wa mazoezi, halafu akarudi shule tena kama mitatu kusomea kupanga meno tu. Miaka tisa, hapo hujaweka miaka ya kufanya kazi katikati. Mabingwa hawa hapa nchini ni wachache na wengi wao wako Dar. Mwalimu wetu wa uchumi angesimama hapo akachora ile mikunjo yake miwili.

Rumeti wangu ambaye ananicheka anasuka nywele kila wiki sita kwa 40,000. Kwa miaka miwili ni kama mara 17, yaani laki sita na themanini, na mwisho wa yote anafumua anabaki na nywele zilezile. Nimemwambia. Amenuna. Atasoma hapa aendelee kununa.

Kitu kilichonivutia zaidi ni historia yake. Mmarekani mmoja, Edward Angle, ndiye aliyefungua shule ya kwanza ya kazi hii kule St. Louis mwaka 1900, na mpaka leo madaktari wanapanga matatizo ya meno kwa makundi matatu aliyoyaandika mwaka 1899. Enzi hizo waya zilikuwa za dhahabu! Sawa, hapo ningeelewa bei. Baadaye ikaja chuma isiyoshika kutu, rahisi kabisa. Kisha ikaja ile aloi ya nikeli na titani inayoitwa nitinoli, ambayo iligunduliwa kwenye maabara ya silaha ya jeshi la majini la Marekani na bwana William Buehler, aliyekuwa anatafuta chuma cha kutengenezea pua za makombora. Yaani kombora! Miaka ya 1970 George Andreasen wa chuo kikuu cha Iowa akaileta kinywani, kwa sababu ukiikunja inataka kurudi ilivyokuwa, na inarudi polepole bila kuumiza. Miaka hiyohiyo Lawrence Andrews akatengeneza vile vidude vinavyogandishwa kwenye meno, wanaviita braketi, kila jino na chake, na ulalo wa jino umeshachongwa ndani yake. Kabla ya hapo daktari alikuwa anaukunja waya kwa koleo, kona moja moja, kila mgonjwa.

Kwa hiyo vifaa vimekuwa rahisi na bora zaidi, lakini bei haijashuka kama ya simu. Hapo ndipo nilipomkumbuka Baumol, waliosoma uchumi mtamkumbuka. William Baumol na mwenzake Bowen waliandika miaka ya 1960 kwamba kundi la wapiga fidla wanne linahitaji watu walewale wanne na dakika zilezile kama miaka mia na ushee iliyopita, huwezi kuwaambia wapige haraka ili uokoe mshahara. Viwandani mtu mmoja sasa anafanya kazi ya watu kumi, mishahara inapanda, na mpiga fidla naye lazima umpandishie la sivyo ataenda kiwandani. Nililikariri hilo kwa ajili ya mtihani wa mwaka wa kwanza na sikudhani kama litanikuta mdomoni.

Nikamuuliza shosti, na vile vya plastiki visivyoonekana? Akasema ndiyo mfano mzuri. Plastiki tupu, chuma hamna, kampuni ya kwanza kuviuza kwa wingi ilianzishwa California mwaka 1997, na bei yake kwa kawaida haiko chini ya waya, mara nyingi iko juu. Halafu mwaka 2014 ikaja kampuni nyingine Marekani, SmileDirectClub, ikasema tuondoe kiti, tuondoe safari za kliniki, tutawatumia plastiki nyumbani kwa posta kwa bei ya chini. Watu wakamiminika. Septemba 2023 ikatangaza imefilisika, Desemba ikafunga kabisa, na kuna watu walibaki katikati ya matibabu, meno yameshaanza kuhama, hakuna wa kumpigia simu. Unapolipia miaka miwili unalipia na kwamba mwezi wa 19 kutakuwa na mtu wa kukufungulia mlango. Mimi mhasibu hilo nalielewa vizuri sana, kwenye vitabu vya yule daktari kianzio changu sio faida, ni deni analodaiwa na mimi.

Ila sio kwamba nimekuwa mtetezi wa makliniki. Samaki kwenye kioo simlipii mimi? Na kuna jambo moja lilinikera: karatasi yangu haikusema kabisa vifaa vya kushikilia meno baada ya kubandua ni vya nani. Shosti akaniambia meno yana kumbukumbu, ukivua waya bila kuvaa kishikizo yanarudi kwao kama mtu aliyefukuzwa mjini, na hicho kishikizo unaendelea nacho miaka. Nikapiga simu kliniki. Wakasema, ahaa, hivyo ni laki mbili na nusu pembeni. Sasa kwa nini hamkuandika? Wadau, mkienda kuuliza, ulizeni hilo, na ulizeni braketi ikibanduka ukitafuna mua nani analipa.

Hiyo ya kubanduka inanihusu kuliko nyie wengine. Maji ya kwetu yana floraidi nyingi, Shirika la Afya Duniani linasema isizidi miligramu 1.5 kwa lita na Arusha kuna vyanzo vinavyopita hapo mara kadhaa. Kuna mpaka kituo cha serikali pale Ngurdoto cha kutafiti jinsi ya kuiondoa kwa mkaa wa mifupa. Mtoto akinywa hayo maji wakati meno yake bado yanajengeka ndani ya fizi, yanatoka na madoa. Magadi ya kupikia makande nayo yanachangia. Nilichokuwa sijui ni kwamba gundi ya braketi inashika vibaya kwenye jino la namna hiyo. Tangu miaka ya 1950 wanapaka asidi kidogo kwanza ili uso wa jino uwe na vishimo vya gundi kushika, sasa jino lenye floraidi nyingi linaigomea ile asidi. Kwa hiyo mtu wa Arumeru anabandikwa kwa muda mrefu zaidi na bado anarudi na braketi mkononi. Hata kwenye hili kwetu tunalipa zaidi!

Na yule wa Instagram wa laki moja na nusu? Shosti hakucheka hapo. Akasema waya ukishakaza, meno yanahama, fundi awe anajua au hajui. Swali ni yanahamia wapi. Nimemwambia rumeti afute hiyo namba.

Sasa nije kwenye lililonifanya niandike, maana mpaka hapa ni lekcha tu.

Tulipomaliza chipsi shosti akasema hebu nikupime. Uingereza, serikali inalipia waya kwa watoto chini ya miaka 18, lakini sio kila mtoto. Wana kipimo cha daraja la 1 mpaka la 5, kilianza mwaka 1989, la 4 na la 5 ndio wenye shida ya kiafya kweli, la 1 na la 2 wanaambiwa nendeni nyumbani mko sawa. La 3 ni katikati, mpaka waangalie na sura. Akatoa kirula kidogo akanipima. Nikatoka daraja la 3. Milimita tatu na kidogo. Nilihisi kama nimepata C.

Nikamwambia basi huyo mdogo wangu wa kiume atapata A. Akauliza vipi. Nikamweleza, dogo ana miaka 12, darasa la sita, meno ya juu yametoka mbele mpaka midomo haifungi, na mwaka jana alianguka na baiskeli jino moja likakatika pembe. Shosti akaacha kula. Akasema mpigie mama sasa hivi.

Nikampiga. Shikamoo mama, marahaba, mbona mchana umekula? Nimekula mama, chukua rula ya dogo. Rula ya nini? Mama, chukua tu. Nikamwelekeza, dogo aume meno ya nyuma, pima kutoka ncha ya jino la juu mpaka uso wa jino la chini. Nikasikia kule wanagombana, dogo anacheka, mama anamwambia tulia wewe. Mwisho mama akasema, inasoma nane. Au tisa kasoro.

Daraja la 4. Akaniambia meno yakichomoza hivyo ndiyo yanayovunjika, midomo haiyakingi, akianguka tena hayatakatika pembe tu. Na akaniambia kitu kingine ambacho ningependa nisingekisikia: kwa umri wake taya bado linakua, kuna kifaa cha kuvaa na kuvua kinachotumia ule ukuaji, lakini dirisha lake linafungwa. Mimi nina miaka 22, meno yangu nikiyapanga leo au nikiwa na 30 ni kazi ileile. Ya dogo sio ileile.

Tukaulizia. Kuna kliniki Arusha mjini ambako bingwa anapanda mara moja kwa mwezi kutoka Dar. Kifaa cha dogo na vipimo vyake laki tisa. Baadaye anaweza kuhitaji waya, anaweza asihitaji, hawaahidi.

Nina 1,140,000. Naomba niwe mkweli, siku tatu sikumwambia mtu. Nilikuwa naiangalia ile salio kwenye simu usiku, imebaki elfu sitini tu nifikishe kianzio changu. Elfu sitini, yaani suruali nne za mtumba. Nikawaza dogo si ana baba na mama. Baba ana kustaafu kwake kwa ualimu ambako bado anafuatilia makaratasi. Nikawaza kwamba mimi ndiye ninayetafuta kazi mwakani, sio yeye. Hilo bado nalifikiria na bado naona lina ukweli.

Jana asubuhi nimetuma laki tisa. Baba akapiga, akasema, mama, hizi hela umetoa wapi? Nikamwambia mtumba, baba. Akanyamaza muda mrefu, halafu akauliza kama huku Dar mvua imenyesha.

Miadi ya dogo ni Jumamosi ya wiki ijayo. Yeye kinachomsumbua ni kama darasani watamcheka, nimemwambia watamcheka, avae hivyohivyo. Mimi nimebaki na laki mbili na arobaini, na robota jipya linaingia Alhamisi, magauni na sketi za ofisini, njooni chumbani mapema. Wale wawili wenye madeni njooni mapema zaidi.

Haya, kesho nina testi ya ukaguzi wa hesabu saa mbili asubuhi na daftari sijafungua. Usiku mwema.